Spea Zinazoingiliana: Kuzitambua Injini Ndugu za Toyota

Ukifika dukani ukasema una "Vitz ya lita 1.3", hujasema kitu cha kutosha kununulia hata seti ya ringi. Vitz ya kizazi cha pili ilitoka Japani na injini mbili tofauti za ukubwa huo. Ya kwanza ni 2SZ-FE, yenye silinda za kipenyo cha milimita 72 na mwendo wa pistoni wa milimita 79.6. Ya pili ni 2NZ-FE, yenye milimita 75 kwa 73.5. Ukizidisha, zote zinakaribia sisi 1300, lakini undugu hakuna. Ndugu wa kweli wa 2NZ ni 1NZ-FE, ambayo ni ya sisi 1497. Toyota IST ya kwanza ilipewa hizi mbili: NCP60 ilibeba 2NZ, NCP61 ikabeba 1NZ. Ukubwa wa injini, basi, ni kigezo kibovu cha kutafutia spea, ingawa ndicho kila mtu anachoanza nacho.

Jina la injini lina msaada zaidi, ukijua kulisoma. Herufi zilizo kabla ya kistari ndizo ukoo: NZ, SZ, A, ZZ. Namba iliyotangulia ni ya mwanafamilia ndani ya ukoo, wala haipandi kufuatana na ukubwa. 2NZ ni ndogo kuliko 1NZ. Baada ya kistari huja habari za hedi na mafuta. F ni kamshafti mbili juu zenye vali zilizosimama karibukaribu, kwa ajili ya kubana matumizi. G ni kamshafti mbili zenye vali zilizotanuka, kwa ajili ya nguvu. E ni nozeli zinazoendeshwa kwa umeme badala ya kabureta.

Lakini jina halikuambii kifaa gani kinaingiliana na kipi. Hilo husemwa na vipimo viwili nilivyovitaja, kipenyo na mwendo, na kwangu hakuna mfano unaolieleza vizuri kama ukoo wa A, uliojaa kwenye Corolla na Carina za miaka ya 1990. 4A-FE ina kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa 77, jumla sisi 1587. 5A-FE ina 78.7 kwa 77, sisi 1498. 7A-FE ina 81 kwa 85.5, sisi 1762.

Ziangalie mbili mbili. 4A na 5A zina mwendo sawa, maana yake kranki inazungusha konrodi kwa duara la upana uleule. Kinachotofautiana ni silinda, kwa hiyo pistoni na ringi kila moja ina zake. 4A na 7A zimepishana kinyume chake: silinda ni za kipenyo kimoja, ila kranki ya 7A huipeleka pistoni mbali zaidi, milimita 8.5 kwa mwendo mzima. Nusu ya hizo, yaani 4.25, huongezeka upande wa juu. Bila marekebisho pistoni ingegonga hedi. Waundaji wakairefusha bloku ya 7A, na bloku ikirefuka hedi inapanda juu, hivyo mkanda wa taimingi wa 4A haufiki tena. Tofauti ya kranki, kifaa kilichojificha chini kabisa, imeishia kwenye mkanda ulio nje. Hedi yenyewe haijali urefu wa bloku. Boliti zinakaa palepale, ndiyo maana wapenda mbio wamezoea kufunga hedi ya 4A-GE juu ya bloku ya 7A.

Kwa gasketi ya hedi, fundi mwangalifu hafungui kwanza daftari. Huichukua mpya akaibandika juu ya kuukuu, akaziinua zote mbili kwenye mwanga. Matundu ya maji na ya oili yakikubaliana, anahamia kwenye matundu makubwa ya silinda. Gasketi iliyokatiwa silinda ndogo ikilazwa kwenye kubwa, ukingo wake huchungulia ndani ya chumba cha moto, na huko huungua.

Penye boksi halisi la kampuni, namba ya spea ina tarakimu kumi, tano na tano. Tano za kwanza hutaja aina ya kifaa: 11115 ni gasketi ya hedi, 13101 ni pistoni, 13401 ni kranki. Tano za mwisho ndizo za kulinganisha. Namba nzima ikifanana kwa injini mbili, kifaa ni kimoja, mjadala umekwisha. Koili ya plagi 90919-02240, kwa mfano, inaingia kwenye 1NZ-FE na pia kwenye 1NZ-FXE ya Prius.

Hiyo FXE ni ndugu wa ajabu kidogo. Kipenyo na mwendo ni vilevile vya 1NZ-FE, lakini mgandamizo umepanda kutoka 10.5 hadi 13, na vali za kuingiza hewa huchelewa kufunga. Stata hutaiona, wala alternata. Mota za umeme za gari zinafanya kazi hizo.

Namba iliyogongwa kwenye bloku huthibitisha bloku tu. Injini iliyokwishatumika huenda ilibadilishwa hedi mahali fulani, hata kranki. Kabla ya kununua vifaa vya chini vya injini, toa plagi, teremsha kijiti cha plastiki kisichovunjika mpaka kiguse pistoni, kisha zungusha puli ya kranki kwa mkono, polepole. Tia alama pistoni ikiwa juu kabisa, tena ikiwa chini kabisa. Kati ya alama hizo ndipo ulipo mwendo: 84.7 ni 1NZ, 73.5 ni 2NZ. Milimita 11 hazihitaji kifaa cha karakana. Rula ya mwanafunzi inazisoma.