Rumonge: Gari Rahisi, Esansi Ghali

Kwenye barabara namba 3, ile inayofuata Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, abiria wa mbele hasinzii. Burundi huendesha upande wa kulia, desturi iliyoachwa na Wabelgiji, lakini Probox aliyopanda ina usukani kulia vilevile, maana iliundwa kwa ajili ya barabara za Japani. Lori likiwa mbele, dereva haoni kitu mpaka atoe pua ya gari nje. Basi aliyekaa kushoto ndiye anayechungulia na kutoa amri: "Pita!" au "Ngoja, kuna Fuso." Nyuma wamebanana wanne, pengine watano, na kwenye buti kuna madumu ya mawese.

Gari kama hilo ni la juzi tu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, magari yaliyofika pwani hii yalipita majini. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam iligusa Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata ikashushwa ziwani meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa vipandevipande. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wabelgiji nao, waliokabidhiwa Ruanda-Urundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliafikiana na Uingereza mwaka 1921 wakapata sehemu zao za bandari, Belbase, huko Dar es Salaam na Kigoma. Gari la afisa wa Usumbura, Bujumbura ya leo, lilifuata njia hiyo: meli ya bahari, behewa, meli ya ziwa. Lilikuwa jipya, usukani kushoto, na mwenyewe alikuwa mtu wa serikali, padri au mfanyabiashara mgeni. Mtu wa Rumonge alisafiri kwa mtumbwi.

Pesa ya gari ilitoka kwenye michikichi na samaki. Rumonge ndiyo kitovu cha mawese nchini Burundi, na ndagala na mikeke wa pwani yake huliwa mpaka milimani. Lakini ardhi inayozaa mawese hayo ina historia nzito. Aprili 1972 uasi ulizuka hukohuko kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, ukafuatwa na mauaji makubwa yaliyofanywa na serikali nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Nyuma yao, mashamba yaligawiwa wengine, na baadhi yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Waliporejea kwa wingi kuanzia mwaka 2008, kiwanja kimoja kilikuwa na wenyewe wawili.

Jambo hilo linahusu gari kuliko linavyoonekana. Benki ikikopesha hutaka dhamana, na dhamana ya mkulima ni shamba. Shamba lenye kesi halikopesheki. Ndiyo maana historia ya ununuzi wa magari hapa haieleweki kwa kusoma masharti ya benki peke yake. Inabidi kutazama upatu, vyama vya akiba vya COOPEC vilivyoenea tangu miaka ya 1980, na ndugu walioko Kigoma. Aliyerudi kutoka Tanzania alirudi na Kiswahili na watu wa kumpokelea simu ng'ambo ya mpaka. Kwa mnunuzi asiyejua kitu kuhusu magari, shemeji anayeweza kwenda kulikagua gari kwa macho yake ana thamani kuliko karatasi yoyote.

Kisha kuna esansi, yaani petroli, na hapo ndipo pwani hii ilipojifunzia hesabu yake ya magari. Julai 1996, Pierre Buyoya alipochukua madaraka kwa mapinduzi, nchi jirani ziliifungia Burundi mipaka kibiashara, na vikwazo vikadumu hadi Januari 1999. Mafuta yakawa ya magendo. Kuanzia hapo swali la kwanza kuhusu gari likawa linakula lita ngapi. Rangi na mwaka vilikuja baadaye. Magari mazito yenye injini kubwa yaliporomoka thamani machoni pa watu. Yakapendwa madogo ya Kijapani yanayopitia Dubai au Dar es Salaam: Corolla, Carina Ti, halafu Probox.

Japani ilikuwa nayo ya kutoa. Ukaguzi wa lazima wa huko, unaoitwa shaken, huja miaka mitatu baada ya gari kununuliwa, kisha kila baada ya miwili, na gharama yake huwafanya wengi wauze gari likiwa bado zima. Rwanda iliyafungia mlango magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Burundi haikufanya hivyo, hata baada ya kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na umoja wake wa forodha mwaka 2009. Kwa hiyo gari la dola elfu mbili au tatu bandarini Dar es Salaam likaanza kupanda bei kila kituo: ushuru wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, malipo ya komisioneri wa forodha, usafiri, na karti rozi, yaani kadi ya gari.

Na dola yenyewe ilianza kuadimika baada ya msukosuko wa kisiasa wa mwaka 2015. Mei 2023 bei rasmi ya dola iliruka kutoka faranga 2,000 na kitu hadi zaidi ya 2,800. Mwezi uliofuata Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000, muda wa kuzibadilisha ukiwa siku kumi tu. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa akiweka pesa ya gari ndani ya sanduku nyumbani alipigwa mara mbili ndani ya wiki chache.

Katika miaka hiyohiyo esansi ilikauka tena vibaya. Foleni za magari zilikaa siku kadhaa mbele ya vituo, na madumu yakavuka ziwa kutoka Kongo na Tanzania. Hapo haibridi, gari linalotumia esansi pamoja na umeme, ambayo Toyota iliianza na Prius Desemba 1997 na kuifanya ndogo zaidi kwa Aqua mwaka 2011, ikaacha kuwa habari ya matajiri wa mbali.

Lakini hesabu yake si nyepesi. Haibridi hurudisha umeme kila dereva anapokanyaga breki, hivyo faida yake kubwa iko mjini, kwenye foleni. Kwenye mwendo wa sare kando ya ziwa inapungua. Halafu kuna betri. Katika Aqua imekaa chini ya kiti cha nyuma, na feni yake huvuta hewa kupitia tundu dogo ubavuni mwa kiti hicho. Gunia la ndagala likiegemezwa hapo, betri inapumua vumbi na magamba mpaka inapata joto na kuchoka mapema. Mnunuzi mgeni hatambui. Akiwasha gari, sauti ya mwanamke inamwambia kwa Kijapani kwamba kadi ya ETC, ya kulipia barabara kuu za Japani, haijaingizwa. Yeye anaona ni dalili ya gari la kisasa. Onyo la betri nalo likitokea kwenye skrini, limeandikwa kwa lugha hiyohiyo.

Bahati ya mnunuzi huyo ni kwamba Rumonge ina kipimo ambacho Bujumbura katikati haina: mlima. Barabara ya kwenda Bururi hupanda zaidi ya mita 1,000 kutoka ufukweni. Betri iliyochoka humaliza vipau vyake upesi kwenye kupanda, hujaa ghafla kwenye kushuka, na feni ya nyuma hupiga kelele njia nzima. Muuzaji anayekubali kupanda huko na abiria watatu, akijua esansi inavyopatikana, huwa na gari zima. Anayetaka mnunuzi alijaribu kwa kuzunguka soko tu huwa na sababu yake.