Hirizi, Fingo na Kago: Historia Fupi ya Utengenezaji wa Vitu vya Kinga katika Pwani ya Kenya

1. Utangulizi

Wadi moja ya Changamwe, bara ya magharibi ya Mombasa, inaitwa Airport. Jina hilo limekaa bega kwa bega na Chaani, Kipevu na Port Reitz bila ya mtu kuona haja ya kulifasiri. Port Reitz nayo ni jina la mgeni: ni la Luteni Reitz, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyewekwa Mombasa mwaka 1824 na kufa mwaka huo huo. Uwanja wa ndege uliopo hapo ulitumiwa na wanajeshi wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na sasa unajulikana kama Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Moi.

Tumeanza na mahali hapa kwa sababu ndipo penye lango ambalo kitu cha kinga hulazimika kujieleza. Tuchukue msafiri anayekwenda Ghuba kutafuta kazi. Shingoni amevaa hirizi ya kijaluba cha fedha. Ngozi hupita kimya katika mtambo wa ukaguzi, lakini fedha ni madini, na mtambo hulia. Askari humwuliza: "Hiki ni nini?" Jibu lake litakuwa neno moja tu, na katika neno hilo mna karne nyingi za historia. Akisema "hirizi", amesema jambo moja. Akisema "dawa", amesema jingine, na pengine atatakiwa aifungue. Na ikiwa aliye nyuma yake katika foleni atanong'ona "uchawi", basi limesemwa jambo la tatu, ambalo msafiri hakulikusudia hata kidogo.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa, na kingali, na msamiati uliopangika wa vitu hivi. Msamiati huo unahifadhi kumbukumbu ya jinsi vilivyotengenezwa, na kuukunja wote ndani ya neno "uchawi" ni hasara ya lugha na pia ya haki. Hatujadili kama vitu hivyo vina nguvu au havina. Mwanahistoria wa lugha anatosheka kujua kwamba watu walivitengeneza, wakavipa majina, na wakatenda mambo makubwa kwa kuviamini.

2. Maneno yaliyozaliwa na vitenzi

Tukiyapanga maneno ya uwanja huu, kundi la kwanza linajitokeza bila ya taabu: kago, fingo, zindiko, zinguo, tego. Yote ni majina yaliyotokana na vitenzi kwa kutiwa kiishio -o, kama vile pigo linavyotokana na piga na fumbo na fumba. Kukaga ni kuweka kinga juu ya mtu au mali, na kinachowekwa ni kago. Kufinga ni kukinga mahali kwa kitu kinachofukiwa au kufichwa, na kitu chenyewe ni fingo. Kuzindika ni kuiwekea nyumba au mji ulinzi kwa shughuli maalumu, na matokeo yake ni zindiko. Kuzingua ni kinyume chake: ni kumwondolea mtu lililomfunga. Tego hutokana na kutega, nalo humnasa mwizi au mzinifu kama mtego umnasavyo ndege.

Umbo hili lina maana kihistoria. Mzungumzaji anapotaja fingo, kitenzi bado kinasikika ndani ya jina. Kitu hakikutengana na tendo, wala tendo na mtendaji. Hakuna fingo bila ya aliyefinga, na aliyefinga anajulikana, ana wajibu, na anaweza kuulizwa. Aidha, mengi ya maneno haya yanahusu mahali: shamba hukagwa, nyumba na mji huzindikwa, ardhi hufingwa. Ni msamiati wa watu waliokaa na kulima.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa fingo umo katika makaya ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake yaliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa mapokeo yao, fingo lilitoka Singwaya pamoja na wahamaji, likafukiwa ndani ya kaya, na kaya ikawa kaya kwa sababu ya hilo. Hapa pana fumbo la kufikirisha. Kitu kinachofungamanishwa na ardhi kuliko vyote kinasimuliwa kuwa kilibebwa safari ndefu. Lakini kikishafukiwa hakisafiri tena. Msafiri wetu wa Changamwe hawezi kwenda na fingo. Analiacha nyumbani liwalinde aliowaacha, na kwa mwili wake mwenyewe anatafuta kitu cha namna nyingine.

3. Maneno yaliyokuja na kalamu

Kundi la pili ni hirizi, talasimu, azima. Hirizi ni Kiarabu, kutokana na mzizi wenye maana ya kuhifadhi. Talasimu imepitia Kiarabu, na asili yake ni Kigiriki. Tofauti na kundi la kwanza, majina haya yaliingia yakiwa majina tayari. Kiswahili hakikuchukua vitenzi vyake, bali kililazimika kuvikopesha vitenzi vyake chenyewe: hirizi *huandikwa*, *hushonwa*, *huvaliwa*, *hufungwa*. Kitenzi cha kwanza katika orodha hii ndicho kikuu. Kinachofanya hirizi kuwa hirizi ni maandishi, na maandishi huchukulika. Karatasi iliyokunjwa ikashonewa ndani ya ngozi huenda popote aendapo mwenyewe, chomboni au ndegeni. Ni kinga ya watu wa bahari na biashara.

Kombe limesimama baina ya makundi haya mawili. Neno ni la sahani kubwa, lakini limekuja kuwa jina la dawa inayoandikiwa humo: aya huandikwa kwa zafarani, hukoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Hapo maandishi hayavaliwi, bali huingia mwilini.

Mpaka wa makundi haya haukuwa ukuta. Hirizi hutundikwa pia juu ya mlango, na mtu naye hukagwa. Wadigo wa kusini mwa Likoni huvaa pingu, neno linaloturudisha kwenye kufunga, na ndani ya pingu mna mizizi au maandishi, kutegemea fundi. Tunachodai ni mwelekeo tu: kitenzi cha kale kinashika mahali, kalamu inashika mwili.

4. Masharti ya utengenezaji

Asiyejua hudhani kwamba kitu cha namna hii hufanywa kwa kunong'ona na kutema mate. La hasha. Kazi hii ina hesabu zake, nayo hufundishwa. Tutatoa mfano wa upande wa kalamu, ambao umeandikwa zaidi. Vitabu vyake vilienea katika ulimwengu wa Kiislamu, hususan Shamsu al-Maarif kinachonasibishwa na al-Buni wa karne ya 13, na kile cha falaki kinachonasibishwa na Abu Maashar.

Kwanza, fundi huuliza jina la mhitaji na jina la mama yake. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba katika mpango wa abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea. Mtu aitwaye Ali huandikwa kwa aini (70), lamu (30) na ye (10), jumla 110. Mama yake akiwa Maryamu, huandikwa kwa mimu (40), re (200), ye (10) na mimu (40), jumla 290. Majina mawili pamoja ni 400. Hesabu hii hugawanywa kwa 12, idadi ya buruji za nyota, na kinachobaki ni 4. Buruji ya nne ni Saratani, yaani Kaa. Kutokana nayo fundi hujua sayari inayomtawala mtu, na kwa hiyo siku na saa ya kuandika.

Pili, huchorwa mraba wa namba. Ulio mdogo na mashuhuri kuliko yote una vyumba tisa: 4, 9, 2 juu, 3, 5, 7 katikati, 8, 1, 6 chini. Kila mstari, kwa upana, kwa urefu na kwa hanamu, jumla yake ni 15. Katika pembe zake nne mna 2, 4, 6 na 8, ambazo kwa abjadi ni be, dali, wau na he. Herufi hizo huunganishwa zikawa neno Buduhu, linaloandikwa kama jina la kinga.

Tatu ni masharti ya mwenyewe. Fundi awe na twahara. Mvaaji aambiwe miiko: asiingie nayo chooni, asiivae penye najisi, asimwazime mtu. Nne ni malipo. Yanahesabiwa kuwa sehemu ya kazi na wala si bei ya sokoni tu, kwa kuwa kitu kilichotolewa bure huaminika kuwa hakijakamilika.

Ni dhahiri kwamba hirizi ni zao la elimu: hisabati, falaki, khati na fikihi ya tohara. Haimaanishi kwamba wanazuoni waliikubali wote. Wapo walioruhusu iliyo na aya peke yake, na wapo walioikataa kabisa. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alijulikana kwa kupinga mambo aliyoyaona kuwa uzushi katika dini. Lakini mjadala huo ulikuwa wa watu waliojua walichokuwa wakikijadili. Walitofautisha hirizi na talasimu, na dua na sihiri.

5. Neno moja la serikali

Wakoloni hawakuwa na subira hiyo. Mwaka 1913 na 1914 Wagiriama, wakihimizwa na Mekatilili wa Menza, walikula viapo vya kukataa kodi, utoaji wa nguvu kazi na amri za Waingereza. Serikali ilijibu kwa kuilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Tendo hilo linatuonyesha kwamba watawala walitambua nguvu ya kisiasa ya mahali palipofingwa, ijapokuwa hawakutaka kulijua jina lake.

Mwaka 1925 ikapitishwa Sheria ya Uchawi. Sheria hiyo inaunganisha makosa na nia ya kutia watu hofu, kuwaudhi au kuwadhuru, na haikumlenga kila mvaa hirizi. Lakini kasoro yake imetajwa mara nyingi: haikufafanua uchawi wenyewe ni nini. Pengo hilo likajazwa na mfasiri wa mahakamani. Mganga na mchawi, kago na tego, vyote vikawa hatarini kuingia katika kapu moja. Katika Kiswahili maneno haya ni ya kupingana: mganga huganga, yaani huponya na kuunga, mchawi huharibu. Kuyafanya sawa ni mfano wa kumwita tabibu na muuaji kwa jina moja kwa sababu wote wawili wanaijua sumu.

Ni lazima pia tuukabili upande wa pili wa hoja yetu. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari wakauawa, na baada yake watu wengi waliohesabiwa kuwa wageni wakauawa au wakafukuzwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi ilisikia habari za viapo na za kinga walizopewa washambuliaji ili risasi zisiwapate. Imani ya namna hiyo si ngeni katika nchi zetu. Katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, watu wa Tanganyika ya kusini waliamini kwamba risasi zingegeuka maji. Lakini Majimaji walipigana na mtawala, na wa Likoni waliwageukia majirani. Kinga ilifanywa silaha. Basi hatuwezi kusema kwamba vitu hivi vyote ni vya heri. Tunachosema ni kwamba lugha yenye maneno mengi inaweza kumshitaki mwenye tego bila ya kumwonea mwenye kago.

6. Kitu bila ya kitenzi chake

Kuna hasara nyingine, nayo ni ya vitu kupelekwa mbali bila ya majina yao. Vigango vya Wamijikenda ni nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu. Si hirizi, ila navyo havitengenezwi ovyo, wala havihamishwi vikishasimamishwa. Hata hivyo vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwa jamaa moja ya Pwani vilikutwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na kufikia 2007 vilikuwa vimerudishwa. Katika makumbusho viliitwa sanaa. Neno hilo si tusi, lakini halina habari ya nani aliyesimamisha, kwa ajili ya nani, na ni dhara gani hufuata kikiondolewa. Jamaa wenyewe ndio waliokuwa na kitenzi, na kitenzi ndicho kilichodai haki.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba msamiati wa vitu vya kinga una tabaka mbili: moja la vitenzi vya Kibantu linaloshika mahali, na jingine la kalamu linaloshika mwili wa msafiri. Tumeona pia kwamba kila kitu kina masharti ya kutengenezwa, na kwamba masharti hayo ni elimu iliyorithiwa.

Kazi inayotukabili wanafunzi wa lugha ni ya kawaida, ila ina haraka. Kamusi zetu ziendelee kukusanya maneno haya pamoja na vitenzi vyake, mifano yake na tofauti zake za lahaja, kabla ya wazee wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaoyajua kuondoka nayo. Kamusi isitosheke kuandika "aina ya dawa ya kienyeji". Iseme hufukiwa au huvaliwa, huandikwa au husomewa, hukinga au hudhuru.

Siku hiyo, msafiri atakapoulizwa langoni "Hiki ni nini?", atajibu kwa neno lake, na anayeuliza atalijua.