Kuzifya Shi: Ulinzi wa Misitu ya Usambara

Wasambaa wana maneno mawili ambayo yafaa mwanafunzi wa historia ya misitu ayajue kabla hajafungua majalada ya serikali: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu ya mvua alihesabiwa kuwa ameiponya nchi. Njaa na vita vilikuwa ushahidi wa kuiharibu. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Vugha hata alipofariki mwaka 1862, alikumbukwa kwa sifa ya kwanza. Jamaa zake waliogombea urithi, huku raia wakiuzwa utumwani, walikumbukwa kwa ile ya pili.

Misitu yenyewe ni ya kale kupita falme zote. Pepo za Bahari ya Hindi zimeinywesha kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambapo misitu ya nyanda ilikauka. Wenyeji walilima migomba yao mabondeni na miteremkoni, wakaacha vijisitu vya matambiko ambamo shoka halikuruhusiwa.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya kigeni. Mmoja wao, ule ambao Waganda huuita musizi, umeingia msituni na waisonga miti ya asili. Waliweka mipaka pia, Waingereza wakaifuata, na mwenye tambiko akageuka mvamizi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ili udongo usichukuliwe na maji. Shabaha ilikuwa njema, wala siibezi. Lakini kazi iliwaelemea wanawake, na wengi walihofu kwamba shamba lililopigwa matuta lingetwaliwa. Machifu waliosimamia amri hiyo wakapimwa kwa kipimo kile kile cha kale: waiponya nchi, ama waiharibu? Kabla ya Uhuru wa 1961 mpango ulikuwa umekwisha kutupwa.

Serikali huru nayo ilikata mbao Usambara Mashariki hadi miaka ya 1980. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaviruhusu vijiji kumiliki misitu yao, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichelewa miaka mia. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo, wakulima wa Derema waliopanda iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa walitakiwa kuyaacha mashamba ili misitu iunganishwe, na fidia yao ikawa shauri la miaka mingi.