Mamlaka Juu ya Mwili wa Mwenzi: Kuisoma Upya 1 Wakorintho 7:3–5

Katika mafundisho ya ndoa, na hata kwenye kicheni pati za waumini wetu, maneno ya Paulo katika 1 Wakorintho 7:3–5 mara nyingi husomwa kama hati ya madai. Bibi harusi huambiwa kwamba mwili wake si wake tena, basi asimnyime mumewe. Bwana harusi ni nadra kuambiwa lolote kutoka aya hizohizo. Usomaji huo unakipindua kifungu. Paulo anamwagiza kila mwenzi kutoa. Hakuna anayepewa ruhusa ya kutwaa.

Nusu ya kwanza ya aya ya 4, kwamba mume ana mamlaka juu ya mwili wa mkewe, isingemshangaza mtu wa Korintho. Katika dunia ya Kirumi mume alikuwa na kauli juu ya mkewe, na yeye mwenyewe angeweza kumwendea kahaba au mtumwa wake wa kike bila kuhesabiwa mzinzi. Jambo geni ni nusu ya pili: mke naye ana mamlaka juu ya mwili wa mumewe. Wahubiri huipita mbio, ilhali ndiyo inayoamua suala zima. Ikiwa mwili wa mume uko chini ya mamlaka ya mke, mume hawezi kuutumia dhidi ya mke asiyeridhia. Akifanya hivyo, anaivunja aya ileile anayojitetea nayo.

Yupo atakayeuliza: je, aya ya 5 haitaki kujizuia kuwe kwa mapatano? Pingamizi hili ni zito. Mwenzi anayenyima ili kumkomoa mwenzake, awe mke au mume, hana pa kujificha katika aya hiyo. Lakini kosa la mmoja halimpi mwingine kazi ya kukusanya madeni. Paulo anataja mapatano, na mapatano hayapatikani kwa mabavu.

Hata Augustino, ambaye raha ya tendo la ndoa ilimtia shaka kuliko inavyotupasa sisi, aliona jambo hili kwa sehemu. Katika kitabu chake juu ya wema wa ndoa, cha mwaka 401 hivi, alifundisha kwamba kumpa mwenzi haki yake hakuna hatia, bali kudai kupita haja ya kuzaa ni kosa, ingawa dogo. Lawama aliiweka kwa anayedai. Papa Paulo VI alikwenda mbali zaidi katika waraka wake Humanae Vitae (1968): tendo analolazimishiwa mwenzi bila kujali hali yake si tendo la kweli la upendo.

Sababu yenyewe ya kukataa mabavu ni ya Kikristolojia. Wafilipi 2 yasema Kristo alijifanya hana utukufu, hakuna aliyemvua. Katika Yohana 10:18 anasisitiza kwamba uhai wake hanyang'anywi, anautoa mwenyewe. Anayemlazimisha mwenzake kujitoa amemwondolea nafasi ya kujitoa.

Mwanasheria Mwingereza Matthew Hale, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1736, alidai kwamba mume hawezi kuhesabiwa mbakaji wa mkewe, kwa kuwa mke alikwisha kujitoa kwa agano la ndoa na hawezi kughairi. Mahakama za Uingereza ziliitupa hoja hiyo mwaka 1991. Lakini nchini Kenya, kifungu cha 43 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kiliwaweka kando waliooana kihalali, na hivyo kumkinga mume anayemlazimisha mkewe. Anayetaka kuitetea kinga hiyo kwa Biblia atafute aya nyingine.