Klabu ya Mpira na Asabia ya Mtaa: Funzo la Mnazi Mmoja

Wanahistoria wetu wameandika mengi juu ya masultani, mikataba na vyama vya siasa, na machache mno juu ya mpira. Sababu yake yafahamika: mchezo huhesabiwa kuwa ni pumbao la vijana, hauandikwi daftari moja na mambo ya dola. Lakini anayetaka kujua watu wa mji wa Unguja waliishi vipi pamoja kabla ya 1964 hana budi apitie kiwanjani, kwani huko ndiko walikojipanga wenyewe, bila ya kupangwa na serikali.

Tuanze na Ibn Khaldun, ambaye wengi wetu tulimsoma skuli. Katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza asabia, yaani ule mshikamano unaomfanya mtu amtetee mwenziwe kama anavyoitetea nafsi yake. Asabia, kasema, hutokana na nasaba au na kitu chenye maana ya nasaba. Maneno haya ya mwisho ndiyo yanayotuhusu. Je, katika mji wenye Waarabu wa Oman na Washihiri, Wangazija, Wahindi, Waswahili na watu waliotoka bara, ni kitu gani kingeweza kushika mahali pa nasaba? Jawabu moja ni mtaa. Na klabu ya mpira ilikuwa ndiyo bendera ya mtaa.

Jambo hili halikuanza na mpira. Pwani yetu ina mazowea ya zamani ya mashindano ya pande mbili. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa migomba huku wanawake wakiimba, na mchezo ukisha, kinyongo nacho huwa kimekwisha. Mombasa na Lamu zilikuwa na vyama vya beni vikishindana kwa sare, matarumbeta na vyeo vya kubuni, na wanawake wakishindana kwa lelemama. Mtaalamu Norbert Elias, pamoja na mwenziwe Eric Dunning, katika kitabu chao cha 1986, wameeleza kwamba jamii inayowalazimisha watu kuzizuia hamaki zao kila siku huhitaji mahali pa kuziachia bila ya kuhatarisha roho. Walikuwa wakiizungumzia Ulaya, lakini mzee wa Makunduchi asingeona jipya katika maneno hayo.

Basi mpira ulipoingia Unguja katika robo ya mwisho ya karne ya 19, ulikuta nyumba imeshajengwa. Waingereza waliupendelea kwa kuwa waliamini unafundisha utiifu: kuja kwa wakati, kumtii refa, kujua nafasi yako. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 juu ya starehe na siasa za mji wa Unguja, ameonyesha jinsi vijana wa Ng'ambo walivyouchukua mchezo huo na kuufanya wao. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kilikuwa baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, baina ya majumba ya mawe na nyumba za udongo. Alasiri ya mechi, mchukuzi wa bandarini na karani wa serikali walisimama mstari mmoja, wakishangilia au wakizomea pamoja.

Klabu yenyewe ilikuwa skuli ya namna yake. Ilitaka mwenyekiti, katibu na mshika fedha. Ilitaka ada, daftari na mikutano. Vijana ambao serikali haikuwauliza rai yao juu ya jambo lolote walijifunza humo kumchagua kiongozi, kumhoji na kumwondoa. Katika nchi ambayo uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Julai 1957, hilo si jambo dogo.

Jirani zetu wa Dar es Salaam wanatupa mfano mwengine. Yanga ilianzishwa 1935, na klabu tunayoijua leo kwa jina la Simba mwaka uliofuata; hadi sasa moja huitwa ya Jangwani na nyengine ya Msimbazi. Hayo ni majina ya mahali, wala si ya makabila. Leo yuko mtu Mwanza, na yuko mwengine Muscat, asiyewahi kulala hata usiku mmoja Kariakoo, naye ni wa Msimbazi. Asabia ya mtaa imeshavuka mtaa.

Hata hivyo hatudai kwamba mpira ulikuwa dawa. Gofu na kriketi zilikuwa na watu wao, na wanawake hawakuwa na nafasi uwanjani. Na ilipokuja zama za siasa, kuanzia 1957, mambo yaligeuka: watu walisusiana maduka, mabasi, na hata maziko. Juni 1961 waliuawa watu 68 katika ghasia za uchaguzi. Mtaa ulikuwa umewaunganisha watu kwa sababu walikuwa majirani. Chama kilipoingia mtaani kiliwagawa majirani hao hao, na klabu haikuwa na nguvu ya kukizuia. Mchezo huweza kuutunza mshikamano uliopo, lakini ni vigumu kuurudisha uliokwisha kuvunjika.

Kwa nini basi tuyakumbuke haya, sisi tulio Oman, Dubai, Uingereza na kwengineko? Kwa sababu majumbani mwetu zimezoeleka hadithi mbili. Moja husema kwamba Unguja ya zamani ilikuwa pepo isiyo na ubaguzi; nyengine husema kwamba ilikuwa ni makabila yanayochukiana tu, yakingojea siku ya damu. Picha ya zamani ya timu huzikanusha zote mbili. Tazama sura za wachezaji kumi na moja, uone asili ngapi zimevaa jezi moja. Kisha uliza ni nani kati yao aliyebaki, aliyehama, na aliyeuawa.

Picha hizo zimo majumbani mwetu. Zimo pia barua, risiti za ada na vitabu vya kumbukumbu za mikutano, pengine kwenye sanduku ambalo wajukuu hawajui limechukua nini. Tunaziomba familia zisizitupe. Kaeni na wazee wangali hai, waandike nyuma ya kila picha jina la mchezaji, mtaa wake na mwaka, kabla ya kubaki sura zisizo na majina.