Safari ya Nyegina na Butiama

Katika mwaka wa Jubilei wako waliotamani kusafiri hata Roma na Nchi Takatifu. Mimi sikuwa na nauli ya kufika huko. Nalichukua baiskeli yangu, nikatoka Nyasho, hapa mjini Musoma, ili nipate kuona kwa macho mahali ambapo baba zetu waliipokea imani. Nayasimulia niliyoyaona, pamoja na jambo moja lililonisumbua njia nzima.

Jambo lenyewe ni hili. Miezi michache kabla ya safari nalifuta jina la kijana mmoja katika daftari ya wakatekumeni. Kazi yake ni kuvua dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Katika masomo kumi alikosa manne. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kanuni ni kanuni. Utarudi utakapopata nafasi." Akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Nikajiona nimefanya vema.

Kwanza nalipita Mwisenge, palepale mjini. Mwaka 1934 alifika katika shule hiyo mtoto wa miaka 12, jina lake Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alitoka Butiama, mwendo wa kilomita 40 hivi. Pale shuleni ndipo alipoanza kusikia mafundisho ya dini pamoja na rafiki yake.

Toka Mwisenge nikashika njia ya Nyegina. Njia ile hupita kati ya mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba mtu ameyapanga, na mara kwa mara ziwa huonekana, kisha hujificha. Mapadre Weupe walifungua misioni ya Nyegina mwaka 1911, wakati wa utawala wa Wadachi. Shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie katika mji wa Algiers mwaka 1868, naye ndiye aliyeagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Wazee wetu waliingia katika shule hiyo ndefu, na wengi walikwenda kwa miguu, wakiacha mashamba na ng'ombe.

Nilipofika, naliketi kivulini nikapumzika. Moyoni nalisema, "Kumbe mimi sikukosa. Miaka minne ni zaidi ya masomo kumi." Lakini mara nikakumbuka habari nyingine ya mahali hapo. Tarehe 23 Desemba 1943 Kambarage alibatizwa Nyegina, akapewa jina Julius. Hesabuni, ndugu zangu: tangu 1934 hata 1943 ni miaka tisa. Katika miaka hiyo alikwenda shule ya Tabora, baba yake akafariki mwaka 1942, naye akaingia Makerere, Uganda. Alikuwa mbali na Nyegina kwa miezi mingi kuliko aliyokuwa karibu. Hata hivyo, aliporudi alikuta mlango ungali wazi. Basi nikafahamu kwamba kanuni ya miaka minne iliwekwa ili Kanisa lijue kungoja. Mimi naliitumia ili nisingoje.

Kesho yake nikaenda Butiama. Ni nchi ya vilima na miamba, yenye upepo mwanana. Hapo amezikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na hapo pana makumbusho iliyofunguliwa mwaka huo huo. Wageni huja kumwona mkuu wa nchi. Mimi nalimwona zaidi mkatekumeni wa miaka tisa. Katika uzee wake aliziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa mwaka 1996. Mwaka 2005 alianza kuitwa Mtumishi wa Mungu, na Jimbo letu la Musoma ndilo lililoanzisha kazi ya kuchunguza maisha yake. Kama angalifutwa daftarini kwa sababu ya safari zake, habari hii tungaliisimulia namna gani?

Nikaendelea hata Bunda. Upande mmoja kuna ziwa, upande mwingine mbuga za Serengeti. Zamani nchi yote hii ilikuwa chini ya Mwanza. Mwaka 1946 Roma ilizitenga Musoma na Maswa, nao wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani wakafika kufanya kazi. Mwaka 1957 Musoma ikawa Jimbo, na mwaka 2010 Papa Benedikto wa 16 akaifanya Bunda kuwa Jimbo lake yenyewe. Hivyo mbegu ya Nyegina imekuwa shamba, na shamba limezaa shamba.

Niliporudi Nyasho, kabla hata ya kufuta vumbi, nalishuka mwaloni kumtafuta yule kijana. Nikaambiwa amehamia visiwani na wenzake. Wavuvi waliokuwa wakianika dagaa wakanieleza jambo ambalo mimi, mzaliwa wa pwani hii ya ziwa, ilinipasa kulijua: mbalamwezi inapotoka, dagaa hawazifuati taa, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Siku alizohudhuria kijana wangu zilikuwa siku za mbalamwezi. Alikuja kila alipoweza kuja.

Tangu hapo darasa la wavuvi hufuata mwezi. Sasa wako saba. Yeye hajarudi, ila nimempelekea salamu kwa mitumbwi miwili, na jina lake nimeliandika tena daftarini kwa mkono wangu. Mahali pa tarehe ya ubatizo nimepaacha wazi.

Walimu wenzangu, nendeni Nyegina. Si mbali. Nanyi mtakaporudi, zifungueni daftari zenu mkatazame majina mliyoyafuta.