Uuguzi Ulivyopata Hadhi ya Taaluma

Hadi katikati ya karne ya 19, uuguzi katika hospitali za Uingereza haukuwa na heshima. Wenye uwezo walitibiwa majumbani mwao, na hospitali zikawa kimbilio la maskini. Kwa hiyo wauguzi walilipwa ujira mdogo, na wengi hawakuwa na mafunzo. Ujerumani ilikuwa imetangulia. Mchungaji Theodor Fliedner alianzisha mafunzo ya uuguzi Kaiserswerth mwaka 1836, na huko ndiko alikojifunza Florence Nightingale, binti wa familia tajiri ya Kiingereza, mwaka 1851.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia katika Vita vya Krimea dhidi ya Urusi. Magazeti ya London yalieleza mateso ya majeruhi, na wasomaji wakaambiwa kuwa Wafaransa wana masista wa kuwauguza askari wao ilhali Waingereza hawana. Wananchi walighadhibika, na serikali ikamtuma Nightingale pamoja na wauguzi 38. Walifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, mwezi Novemba.

Hospitali waliyoikuta ilikuwa kambi ya jeshi la Kituruki, na chini yake mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba. Kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo viliua askari wengi kuliko risasi. Wauguzi walisafisha vidonda, wakasimamia ufuaji wa mashuka na upishi wa vyakula vya wagonjwa. Hata hivyo vifo viliongezeka, na Februari 1855 vilifikia takriban 42 kwa kila wagonjwa 100. Mwezi Machi Tume ya Usafi iliyotumwa na serikali ya Uingereza ilifika. Ikazibua mifereji, ikaondoa mzoga wa farasi katika njia ya maji, ikapaka kuta chokaa na kuingiza hewa wodini. Kufikia Juni vifo vilishuka hadi takriban 2 kwa kila 100.

Ni nini kilichowaokoa askari? Simulizi maarufu humpa Nightingale sifa zote. Wengine hutaja kupungua kwa msongamano baada ya majira ya baridi. Nightingale mwenyewe aliwahi kulaumu lishe duni na kuchelewa kwa wagonjwa kufikishwa hospitalini. Lakini aliporejea mwaka 1856 na kuchambua takwimu pamoja na mtakwimu William Farr, alikiri kwamba uchafu ndio uliokuwa muuaji mkuu. Ushahidi wa tarehe unaunga mkono maelezo hayo, kwani vifo viliporomoka baada ya tume kufika, si baada ya wauguzi kufika.

Fundisho hilo halikuwashusha wauguzi. Liliwapa kazi iliyo wazi. Mifereji huzibuliwa na mafundi, lakini usafi wa wodi hulindwa kila siku na anayeshinda na kukesha na mgonjwa. Mwaka 1860 shule ya Nightingale ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London, kwa fedha za michango ya wananchi, na mwaka 1868 wahitimu wake walifika hadi Sydney. Huruma ilikuwapo tangu zamani. Uuguzi ukawa taaluma pale huruma hiyo ilipoongezewa mafunzo, usafi na kumbukumbu sahihi. Hospitali inayomnyima muuguzi maji, vifaa na muda wa kuandika kumbukumbu inamnyima nyenzo za taaluma yake, na mgonjwa ndiye anayelipa.